Nyumba Niliyoiitikia

Milembe mwanangu,

Mama yako amekupeleka kwa msusi, na msusi huyo tunamjua: kichwa kimoja saa sita, umbea ukiwemo. Kwa hiyo nina mchana mzima, meza ya jikoni na kalamu yako moja niliyoiiba chumbani kwako. Kesho saa kama hizi utakuwa umeondoka. Sitakuandikia habari za soksi wala koti la mvua. Mama yako ameshazisema mara nne, na mara ya tano iko njiani.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua utasoma kwa kidole, na ukimaliza utanijibu kwa Kiingereza kama ulivyofanya tangu ulipoota meno. Haidhuru. Kuna mambo nikiyasema kwa Kiingereza yanatoka laini mno, kama samaki aliyeparuliwa. Hili nataka ulipokee na magamba yake.

Nisikuzungushe. Sijawahi kufika Skarava. Nyumba ya Kisimani sijaiona kwa macho yangu, na jiwe la mlango wake sijalishika. Yale yote niliyokusimulia tangu ukiwa na miaka tisa, jinsi nilivyovushwa na mashua, jinsi nilivyoinama mlangoni, ni uongo. Ni uongo wangu mwenyewe, hakuna wa kumsingizia.

Sasa vuta pumzi. Ukitaka kunitukana, nitukane. Halafu endelea kusoma, kwa sababu najua ulichofanya kwa ajili ya uongo huo. Ulipomaliza uuguzi hapa Toronto hospitali zilikuwa zinakutaka, wewe ukaomba kazi kwenye kihospitali cha kisiwa kilicho jirani na Skarava, kule Scotland, mahali ambapo hata ramani inaona taabu kupaandika. Walipokuuliza kwa nini huko, ukawaambia baba yako aliwahi kufika. Nilikuwa sebuleni, mlango wako uko wazi, nikakusikia ukiwaambia kwa fahari. Aisee, nilishika rimoti ya televisheni nisijue ni ya kufanyia nini.

Watu wa visiwani nawajua, maana mimi ni mmoja wao. Wiki ya kwanza tu mtu atakuuliza, "Baba yako alivushwa na mashua ya nani?" Na mwenye mashua ni mmoja, baba yake ndiye aliyekuwa na mashua kabla yake, na wote wawili wanamkumbuka kila mgeni aliyetapika humo. Mtu mweusi kutoka Ukara wasingemsahau. Njia ya mwongo ni fupi, Milembe. Yangu nimeivuta miaka kumi na mitatu, na sasa naona mwishoni mwake umesimama wewe, na masanduku mawili.

Wewe Mzee Kalumu, mwenye nyumba hiyo ya Skarava, unamkumbuka kwa peremende. Siku shule zikifungwa kwa theluji nilikuwa nakwenda nawe kazini, naye anakupa peremende nyeupe kali ukiwa umekunja uso. Lakini hukumjua alivyokuwa jeuri. Ngoja nikuambie.

Nilipokuwa Malton kwenye ghala la mizigo ya ndege, mgongo ulinikatalia. Nikasomea kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Mimi, mtoto wa kiume wa Ukara, niliyeogeshwa na mama mpaka nikakimbia, leo namwogesha mwanamume mwenzangu! Kwa mwezi mzima kanisani nilikuwa nasema, "Niko upande wa hospitali." Upande gani, hawakuuliza. Mama yako alikuwa ananitazama tu kwa jicho lile lake. Ukitaka kujua mahali nilipoanzia kuzoea uongo mdogomdogo wenye adabu, ni pale.

Mzee Kalumu aliishi kwenye jengo la wazee upande wa Regent Park, ghorofa ya tisa. Siku ya kwanza nikampikia uji wa shayiri, nikatia sukari. Akaonja, akarudisha kijiko. "Nani amekufa?" akauliza. Nikasema hakuna aliyekufa. "Basi mbona unanipa chakula cha kubembelezea?" Uji kwao ni chumvi. Tulibishana siku tatu juu ya uji. Siku ya nne nikatia chumvi ya kumkomoa, chumvi ya kuchubua ngozi, akala wote, akalamba kijiko, wala hakusema asante. Hakuwahi kusema asante hata siku moja. Alikuwa anauliza swali badala yake.

Siku ile aliniuliza, "Unatoka wapi?"

"Tanzania."

"Tanzania wapi?"

"Mwanza."

"Mwanza wapi?"

Mwanangu, miaka niliyokaa Toronto hakuna aliyewahi kufika swali la tatu. Wengi wanaishia la kwanza, wanasema Serengeti, Kilimanjaro, basi. Nikamwambia, Ukara, ni kisiwa ndani ya Ziwa Viktoria. Akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Unaweza kukizunguka kwa miguu, jua likuone unaanza na likuone unamaliza?"

"Naweza."

"Ardhi ni nzuri?"

"Ni mawe. Udongo tumeutengeneza sisi kwa mbolea ya ng'ombe."

"Na ng'ombe wanalala wapi?"

Nikaona haya kidogo. Nikasema, "Kwetu, zamani, walilala ndani. Upande wa chini wa nyumba. Tunawakatia majani, tunawaletea, na mavi yao hatupotezi hata konzi."

Mzee akafumba macho. Nikadhani amepatwa na kitu, nikamshika mkono kutafuta mapigo. Akaniambia, macho bado yamefungwa, "Kwetu pia walilala ndani. Upande wa chini. Tulikuwa tunasikia wanapumua." Nilisimama na mkono wake mkononi mwangu. Hebu fikiria. Dunia yote hii, bahari zote hizi, na huku na huku kuna mtoto amelala gizani anasikiliza ng'ombe wa baba yake anapumua, na kila mmoja anadhani ni kwao tu!

Kuanzia hapo tukaelewana. Alinisimulia Skarava kidogokidogo, nikimnyoa, nikimkata kucha. Mwenye ardhi alitaka kondoo, kwa hiyo watu wa upande wa kusini wenye udongo mzuri walipakiwa melini, mapaa yao yakachomwa ili wasipate wazo la kurudi. Wengi wakaishia Canada. Waliobaki wakasukumwa upande wa kaskazini kwenye mawe matupu. Na kwenye mawe yale wakatengeneza shamba, kwa kubeba mwani wa baharini mgongoni, kikapu kwa kikapu, mpaka mawe yakakubali kuotesha viazi. Nilipokuwa nasikiliza hayo nilikuwa namwona bibi yangu waziwazi, shingo imekakamaa chini ya kikapu cha mbolea.

Kalumu alikuwa na miaka saba walipoondoka watu wa mwisho. Hakuna aliyewafukuza safari hiyo. Wanaume walikuwa wamebaki wachache mno kuivuta mashua nchi kavu, basi wakaomba wenyewe kuhamishwa. Asubuhi ya kuondoka, kila nyumba ilifunika moto wake kwa majivu kama wanavyofanya kila siku, ili usizimike. Walijua utazimika. Walijua utakuwa umezimika hata kabla hawajafika bara. Lakini hakuna mtu aliyeuzima kwa mkono wake mwenyewe. Mama yake Kalumu alifunika moto, akafagia mbele yake, akatoka.

Ndiyo maana wana ile desturi yao ya kuita nyumba. Hujawahi kuingia ukumbini siku hiyo, nami nilikuwa nakwepa kukupeleka, sasa unajua kwa nini. Kila mwaka majani yakianza kuwa mekundu, watu wa Skarava walioko Toronto hukutana kwenye ukumbi wa kanisa. Si wengi. Wengine baba ni Mjamaika, wengine mama Mfilipino, vijana wana mikono imejaa tatuu. Wanakunywa chai, wanagombana juu ya mikate. Halafu Bi Ishbel, katibu wao, anasimama bila karatasi. Anazitaja nyumba kuanzia ufukweni kupanda mlimani.

"Nyumba ya Mwamba."

Mtu mmoja anasimama. "Moto upo."

"Nyumba ya Mjane."

"Moto upo."

"Nyumba ya Seremala."

Kimya. Wanangoja. Unasikia friji ya kanisa inanguruma. Kisha anapanda kwenye inayofuata, na nyumba isiyoitikiwa haiitwi tena mwaka unaokuja. Hakuna hotuba wala kilio. Watu wachache hivi, mjini kwa watu wengi hivi, wanapanda mlima ambao haupo, mlango kwa mlango!

Anayeitikia ni aliyezaliwa kwenye nyumba hiyo, au mtu aliyeteuliwa na mwenye nyumba akaapa mbele ya wote kwamba ataenda kule mara moja maishani mwake, ashike jiwe la mlango. Mzee Kalumu hakuwa na mtoto. Mwaka wake wa mwisho nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka ukumbini, na ilipoitwa nyumba yake, ya Kisimani, hakuitika. Akaninyooshea kidole mimi. Watu wakageuka. Nami nikaapa, Milembe, kwa sauti, nikiwa na aproni yangu ya kazi. Hakuna heshima niliyopewa Toronto inayoifikia ile.

Miezi mitatu baadaye akafa. Na kabla majani hayajawa mekundu tena, babu yako naye akafa kule Ukara.

Hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Babu yako aliugua muda mrefu. Kila nikimpigia aliniuliza, "Unakuja?" nami nasema, "Nakuja, baba." Mwanzo nilikuwa nangoja karatasi za uraia. Nilipozipata, nikangoja likizo. Nilipopata likizo, nikasema baridi ipungue, kana kwamba baridi ya Toronto ilikuwa inamzuia mtu kupanda ndege kwenda kwenye joto. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Niliondoka nikiwa kijana mwenye maneno mengi, na sikutaka anione nilivyo: mgongo mbovu, kazi ya kuogesha watu. Yeye alitaka kuniona tu. Hilo nimelielewa nikiwa nimechelewa. Nilifika siku mbili baada ya mazishi. Shangazi yako alinipokea uani, hakunilaumu, akanionyesha tu udongo mbichi. Angenizaba kibao ningeshukuru.

Nililala nyumbani kwake siku tisa. Babu yako alikataa bati mpaka mwisho, kwa hiyo paa lilikuwa la nyasi, jeusi kwa moshi. Ng'ombe wake wawili walikuwa bado ndani. Nilikaa humo bila kufanya lolote. Safari ya kurudi nilikuwa nimeipanga ipitie Scotland, siku tano, nitimize kiapo cha Mzee. Nilipofika London nikakaa kwenye kiti cha uwanja wa ndege. Ndege ndogo ya kunipeleka kaskazini ikaitwa. Nikaitazama. Sikuweza, mwanangu. Nilikuwa nimetoka kuishika nyumba ya marehemu mmoja, na sikuwa na mikono ya kushika ya pili. Nikabadili tiketi, nikarudi nyumbani kwa mama yako. Yeye nilimwambia ukweli usiku uleule, na tangu nilipokudanganya amekuwa akinikumbusha: "Utamwambia mtoto, au watu watamwambia."

Wiki mbili baadaye zikaitwa nyumba. Bi Ishbel akafika: "Nyumba ya Kisimani."

Nikasimama. "Moto upo."

Mgeni aliyeapa huulizwa, ni haki ya katibu. "Umefika?"

Jibu lilikuwa neno moja. Sijafika. Lingetoka, wangesema haya, mwakani, tungekunywa chai. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu asiyefika. Nikasema, "Nimefika."

"Tuambie."

Sikuwa nimejiandaa. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa nyumba ya babu yako. Nikawaambia mlango ni mfupi lazima uiname. Nikawaambia paa ni la nyasi, limekuwa jeusi kwa moshi, na ukiingia macho yanachelewa kuzoea. Upande wa chini kuna ng'ombe wawili, huwaoni kwanza, unasikia pumzi zao na unapata joto lao miguuni. Kikapu cha mbolea kimeegemea ukuta. Nje kuna jiwe bapa ambalo mwenye nyumba amelikalia mpaka limekuwa laini. Nikasema nilikaa juu ya jiwe hilo nikamwomba msamaha kwa kuchelewa.

Mama mmoja mbele alifunika uso kwa mikono yote miwili. Fundi bomba mmoja, pande la mtu, alikuwa analia bila kujifuta. Nikaketi. Ungedhani niliona aibu. Aibu ilikuja baadaye, na haijaondoka. Lakini saa ile nilishangaa tu. Nilishangaa kwamba nimewapa watu hawa nyumba ya baba yangu, nao wameipokea kana kwamba ni yao.

Nikarudi nyumbani, wewe ukauliza mezani, "Dad, what did you tell them?" Nikakuambia. Ukataka tena kesho yake. Ukaandika insha ya shule, ukachora mashua yenye mimi ndani, mwenye meno mengi. Mchoro ule upo kwenye faili la mama yako pamoja na vyeti. Kila nilipotaka kusema ukweli, ulikuwa umeshaupanda uongo wangu na umeufanya mkubwa kuliko nilivyoupanda mimi. Na usiniambie nilikuwa nakulinda. Nilikuwa najilinda, nilipenda jinsi ulivyonitazama.

Wiki iliyopita nilimwendea Bi Ishbel. Amezeeka sasa, anatembea kwa kushika samani. Nikamwambia kila kitu, tangu London mpaka wewe. Alinisikiliza akiwa anamenya viazi, na hakuacha kumenya.

"Yosefu," akasema, "nyumba ile haina paa. Haina paa tangu Kalumu akiwa mtoto. Kondoo wanajikinga mvua humo. Ng'ombe wa mwisho aliondolewa kisiwani kabla sijazaliwa. Wewe ukasimama ukatuambia ng'ombe wanapumua. Ulidhani ukumbi mzima ni mazuzu?"

Nikauliza, "Mlijua?"

"Kabla hujaketi."

"Mbona mlilia?"

Akaweka kisu chini. "Kila anayekwenda kule anaturudia na picha za mawe. Maisha yangu yote naonyeshwa mawe. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kutuambia kuna mtu ndani. Nilijua ni nyumba ya mtu wako. Nikamwambia dada yangu, huyu kafiwa, tumwache."

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Miaka kumi na mitatu nimekuwa nikiingia ukumbini kama mwizi, kumbe wale watu walinifungulia mlango siku ileile. Walinibeba. Watu ambao wameporwa kisiwa kizima, bado walikuwa na nafasi ya kumwekea mfiwa wa Ukara. Nilitaka kumshukuru nikashindwa, nikachukua kiazi nikaanza kumenya.

Halafu akaniambia lile ambalo limenikalisha hapa leo. "Sisi hukutudanganya. Umemdanganya mtoto wako, maana yeye peke yake ndiye aliyekuamini."

Nikamuuliza, na Jumamosi? Maana Jumamosi hii ndiyo siku ya kuita. Akasema, "Jumamosi nitaita. Uliapa kwa Kalumu, na kiapo kiko palepale. Utajibu utakavyojibu."

Sasa sikiliza, nikuambie jambo baya zaidi, halafu nimalize. Niliporudi kutoka kwake nilipata wazo. Utatua kule katikati ya wiki. Ningeweza kukuomba: Milembe, vuka haraka, shika lile jiwe, nipigie simu, na Jumamosi nitasimama niseme tumefika. Nililipenda wazo hilo siku mbili nzima. Lilinipa hata usingizi. Mama yako ndiye aliyelikata. Alikuwa anakunja nguo zako, hakunyanyua hata macho. "Umeshamtumia mtoto kama kioo," akasema, "sasa unataka awe miguu?"

Kwa hiyo sikutumi. Nimeona wazazi wengi hapa, kanisani kwetu na kwingine, wanawapakia watoto wao nadhiri walizoshindwa. Kuwa daktari kwa niaba yangu. Rudi nyumbani kwa niaba yangu. Kiapo cha Kalumu ni changu, na udongo wa babu yako ni wangu. Ukitaka kuvuka kwenda Skarava, vuka kwa sababu unataka wewe, siku unayotaka wewe, na usimtajie mtu yeyote jina langu mashuani. Ukitaka kutokwenda kabisa, fanya kazi yako, choma sindano zako, na ule uji wao na chumvi. Hutakuwa umenipungukia kitu.

Jumamosi, ikiitwa Nyumba ya Kisimani, nitasimama niseme sijafika. Labda mwakani haitaitwa tena. Naogopa jambo hilo kuliko ninavyoweza kuandika, maana nyumba ya yule mzee jeuri itakuwa imenyamaza mikononi mwangu. Wataamua wao. Wala sitakuambia kwamba nitapanda ndege mwezi fulani niende nikarekebishe mambo. Neno "nakuja" nimelichakaza, halina tena kitu ndani. Siku nitakayokuwa nimefika, utajua nimefika.

Usinielewe vibaya kuhusu uongo. Sikuambii usiseme uongo, umeshakuwa mtu mzima, utasema wako. Ninachojua ni hiki tu: sikudanganya kwa sababu nilikuwa mbaya. Nilidanganya siku nilipokuwa na huzuni na watu wakaniuliza swali la kawaida. Ukiwa huko, mbali, jioni zikianza saa tisa mchana kama wanavyosema, utapigiwa simu uulizwe, "Uko salama?" Kama hupo salama, sema. Mimi nitapokea. Baba yako alisema "niko salama, nakuja" mpaka baba yake akazikwa.

Na kuna jambo moja la kweli katika yale niliyokusimulia, lichukue. Nyumba ile ipo. Niliinama mlangoni pake kweli, na joto la ng'ombe lilinipanda miguuni kweli. Nilikudanganya kisiwa, sikukudanganya nyumba. Ni ya babu yako, aliyekuwa anakuita "Mwanamke wa Toronto" kwenye simu, na wewe ukicheka huelewi neno jingine lolote. Shangazi yako bado analala humo.

Nimeandika mpaka mkono umeuma, na nje lifti imelia. Hizo ni sauti zenu kwenye ujia, wewe unacheka, mama yako anakuambia habari za soksi. Nilikuwa nimepanga nikunje karatasi hizi, nizifiche kwenye mfuko wa ndani wa begi lako, uzikute ukiwa juu ya bahari na mimi nikiwa huku, salama, nisiuone uso wako. Hata bahasha nilishaitafuta.

Hapana. Ufunguo unageuka. Vua viatu, Milembe, njoo ukae hapa mezani, usome mbele yangu. Mimi siendi popote.

Baba yako